Kupima maji ya kriki ya Tudor: jua bamvua kwanza, chupa baadaye

Siku hizi hapa Mombasa kuna vijana wengi wenye hamu ya kujua hali ya bahari yetu, kuna wa chuo wana projekti, kuna vikundi vya kusafisha ufuo, kuna BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo) zataka kujua mbona mkizi na kamba wamepungua, na karibu wote swali lao la kwanza ni moja, tununue mashine gani? Mashine zipo na ntazitaja, lakini kwanza kaa chini na kalenda ya maji. Ukikosea hapo hata uwe na vifaa vya mamilioni utatoka na namba ambazo hazisemi kitu.

Sababu ni hii. Kriki ya Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, mdomo wake mkuu uko pale Bandari ya Kale karibu na Fort Jesus, inapita chini ya daraja la Nyali, inazunguka nyuma ya Tudor na Mishomoroni mpaka kwenye mikoko ya Mikindani, na kule juu kabisa inaingia mito ya Kombeni na Tsalu. Maji yakijaa, bahari kuu inaingia ndani, safi, ya chumvi. Yakipwa, kila kilichokuwa kule juu kinateremka, maji ya mto, maji ya mitaro, yanayochuruzika kutoka vyoo vya shimo na septiki manake sehemu kubwa ya mji huu haijaunganishwa na bomba la maji taka. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa yapita mita 3, wakati wa maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, ni kama mita moja na kitu. Kwahivyo sehemu ile ile, siku ile ile, chupa ya saa nne na chupa ya saa kumi zaweza kuwa ni maji mawili tofauti kabisa.

Sasa sikiza vizuri hapa, hapa ndipo projekti nyingi huharibikia. Mtu anapanga, tutapima kila Jumamosi saa nne asubuhi, yaonekana ni mpango mzuri wenye nidhamu. Lakini maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na kwa wiki nzima hiyo inakaribia masaa sita, ambayo ndiyo muda wa maji kutoka kupwa hadi kujaa. Maana yake Jumamosi hii saa nne maji yamepwa kabisa na Jumamosi ijayo saa nne hiyo hiyo yamejaa pomoni. Ukichora grafu utaona uchafu wapanda washuka wapanda washuka kama meno ya msumeno, utaanza kutafuta nani anamwaga uchafu wiki hii na kupumzika wiki ile, kumbe hakuna mtu, ni mwezi tu. Na mbaya zaidi ni yule anayepima mara moja kwa mwezi siku yoyote aliyopata boti, yule hata msumeno hauoni, anaona vurugu tu.

Dawa yake ni rahisi na wavuvi wanaijua toka zamani. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye ndio nguvu zake hasa, na kwa Mombasa bamvua hupwa karibu saa nne saa tano asubuhi, hujaa saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Ni hivyo kila bamvua, mwezi nenda mwezi rudi. Basi ukipima kila bamvua, yaani kila baada ya wiki mbili, kwenye maji ya kupwa ya asubuhi, umeshika vitu viwili kwa mkono mmoja, maji yako hatua ile ile na jua liko pale pale. Jua lina maana kubwa sana kwa sababu mimea ya majini inatoa oksijeni mchana, ukilinganisha oksijeni ya saa moja asubuhi na ya saa nane mchana hujalinganisha uchafu, umelinganisha jua.

Lakini ujue pia unachokikosa. Bamvua ya kupwa inakuonyesha uchafu wa juu ukiteremka. Haikuonyeshi ile hali inayowaumiza samaki zaidi, ambayo ni maji mafu. Wakati wa maji mafu kriki haibadilishi maji sana, na kupwa kwake huangukia saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, wakati ambapo usiku mzima hakuna mmea uliotoa oksijeni na kila kiumbe kimekuwa kikivuta. Ukitaka kujua kama samaki wa Mikindani wanapumua sawasawa, amka alfajiri ya maji mafu upime oksijeni peke yake. Najua ni tabu, giza, mbu wa mikokoni hawana huruma, lakini namba moja ya alfajiri ile ina uzito kuliko kumi za mchana.

Mvua nayo iandike. Masika yanapoanza mwezi wa nne na ile ya vuli kuanzia mwezi wa kumi, mvua ya kwanza baada ya kiangazi husomba kila kitu kilichokuwa kimekauka mitaroni. Usiahirishe safari kwa sababu imenyesha, nenda, ila andika imenyesha lini na kiasi gani masaa 48 yaliyopita, la sivyo mtu atakayesoma karatasi yako mwaka kesho atashangaa.

Kabla ya kushuka majini kuna ruhusa. Utafiti rasmi Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), ukitaka kuingia ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa (ile ya tangu 1986 kule Nyali na Bamburi) ni KWS, shirika la wanyamapori, upande wa Kilindini na Port Reitz ni eneo la bandari usiende kuzungukazunguka na boti na vyombo vya ajabu bila mamlaka ya bandari kujua. Na kila mahali, nasema kila mahali, pita kwa BMU kwanza. Mkute mwenyekiti, salimia, eleza unataka kufanya nini na matokeo utayarudisha vipi. Sio adabu tu. Ukimuuliza mzee wa pale, "Mzee, maji yafanyaje saa hii?" atakwambia "Yapwa, lakini kule juu bado yateremka, ngoja kidogo," na hiyo habari kitabu cha jedwali la maji hakina, kwa sababu jedwali ni la Kilindini na kule ndani maji huchelewa. Ukiweza mchukue awe nahodha wenu na mumlipe vizuri.

Vituo vitano vyatosha kuanzia. Mdomoni kwenye Bandari ya Kale, chini ya daraja la Nyali, mbele ya Tudor, mikokoni Mikindani, na kimoja cha juu mito inapoingia. Chagua sehemu utakayoipata tena, weka GPS kwenye simu halafu pia andika alama ya macho, mnazi fulani, nguzo fulani, maana simu huisha chaji. Na tafuta pahali pa kulinganishia pasipo na mji mkubwa, watafiti wengi wa mikoko ya Mikindani hulinganisha na Gazi kule Kwale. Bila pahali pa kulinganishia utasema hapa pachafu, mtu akuulize pachafu kuliko wapi, unyamaze.

Njia ya kupita vituo, anzia juu uteremke na maji. Masaa mawili ya mwisho kabla ya kupwa, boti iko kule juu kwanza wakati bado kuna kina, kisha mnashuka pamoja na maji mpaka mdomoni. Ukianza mdomoni ukapanda, ukifika juu utakuta tope tupu na boti itakwama hapo mpaka maji yajae tena mchana, na barafu yako yote imeyeyuka kwenye kulboksi.

Saa. Mkubaliane saa gani mnaandika kabla hamjatoka, hii ni kwetu hasa. Mmoja ataandika saa 4, mwengine 10:00, na mwezi mmoja baadaye hakuna anayekumbuka 4 ile ni ya asubuhi ya Kiswahili ama ni alasiri ya kizungu. Andikeni masaa 24, 10:20, 16:05, basi. Na andikeni kwa penseli, wino wa peni ukipata tone la maji ya chumvi umekwenda.

Mkifika kituoni zima injini na muache boti itulie. Cha kwanza kabisa ni chupa ya bakteria, kabla hujatupa nanga, kabla hujateremsha chochote, kwa sababu tope likitibuka bakteria waliolala chini wanapanda juu na utawahesabu wao. Chupa hii imechemshwa kwa mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15, ikafungwa. Usiisuuze. Vaa glavu, kaa mbele ya boti upande maji yanakotoka, fungua kifuniko bila kugusa ndani yake, shika chupa chini, izamishe mdomo ukitazama chini mpaka kama sentimita 30, kisha igeuze mdomo uelekee mkondo uku ukiisukuma mbele mbali na mkono wako, ili maji yanayoingia yasiwe yamegusa glavu. Itoe, mwaga kidogo ibaki nafasi ya hewa juu, funga, andika namba ya kituo na saa, ndani ya kulboksi. Barafu iwe ndani ya mfuko, chupa zisiogelee kwenye maji ya barafu. Na kuanzia hapo una masaa sita ya kufika maabara. Ukizidisha, wengine watakuwa wamekufa na wengine wamezaana, utahesabu kitu kingine.

Chupa za virutubisho, yaani naitreti, fosfeti na amonia, ni kinyume chake, hizi ndio za kusuuza mara tatu kwa maji ya pale pale. Nyumbani zioshwe kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 na maji yaliyotoneshwa (distilled), zisiguswe na sabuni ya unga, sabuni nyingine zina fosfeti na utapima sabuni yako. Anayevuta sigara asishike chupa za amonia, moshi na vidole vya sigara vinaongeza amonia kabisa, hili watu hucheka lakini ni kweli. Maji haya yachujwe siku hiyo hiyo na kama hayapimwi yagandishwe kwenye friza.

Kisha ndio vyombo. Probu ya oksijeni uikalibreti, yaani uisawazishe isome sawa, asubuhi hiyo, kwenye hewa yenye unyevu, sio ile kalibreshoni ya mwezi jana. Ukiiteremsha itikise polepole manake baadhi yake zinakula oksijeni iliyo karibu nazo, ukiiacha imesimama namba itashuka yenyewe. Soma mara mbili, juu na karibu na chini. Maji ya bahari ya nyuzi 28 yenye chumvi ya kawaida ya 35 (gramu kwa kilo ya maji) hubeba kama miligramu 6.4 kwa lita yakiwa yameshiba oksijeni, kwahivyo ukiona 5 usitangaze janga, na ukiona chini ya 2 hapo ni pabaya kweli, samaki wanaoweza wamekwisha kimbia. Ukiona 9 mchana pia usifurahi sana, inaweza kuwa mwani umejaa kwa sababu ya virutubisho, na oksijeni ile ile usiku itaanguka.

Chumvi, refraktomita ndogo ya mkono yatosha, tone la maji yaliyotoneshwa kwanza uhakikishe inasoma sifuri, pangusa, kisha tone la bahari, elekeza kwenye mwangaza usome. Usidharau chumvi kwa sababu ni rahisi. Chumvi ndio inakwambia chupa yako ina maji ya nani, ukipata 34 haya ni ya bahari, ukipata 20 mto umeingia, na matokeo mengine yote uyasome ukiwa na namba hiyo mkononi. Maji ya mto ni mepesi hukaa juu ya ya bahari, ndio maana pima juu na chini, baada ya mvua utaona tofauti kubwa ndani ya mita mbili tu.

Uangavu wa maji pima kwa diski ya Secchi, na hii tengeneza mwenyewe. Angelo Secchi wa Italia aliianza mwaka 1865 na mpaka leo hakuna kilichoishinda kwa bei. Kifuniko cha plastiki cha upana wa sentimita 30 kipake rangi nyeupe isiyong'aa, tundu katikati, kamba isiyovutika yenye mafundo kila sentimita 50, jiwe ama chuma chini yake kizame wima. Teremsha upande wa kivuli wa boti, bila miwani ya jua, mpaka ipotee machoni, soma kamba, ivute polepole mpaka ionekane, soma tena, chukua ya katikati. Mtu huyo huyo afanye vituo vyote maana macho yanatofautiana. Kama imefika chini na bado waiona, andika "imefika chini", usiandike kina kama ndio uangavu.

Ukimaliza maji usiondoke, angalia viumbe, kwa sababu chupa inakwambia hali ya dakika moja lakini viumbe vimekaa hapo miezi. Mikokoni weka fremu ya mraba wa sentimita 50 kwa 50, hesabu mashimo ya kaa, hesabu konokono, angalia mwani wa kijani uliofunika tope au kukumbatia mizizi ya hewa ya mchu, ule ukizidi sana ni dalili ya virutubisho vingi. Andika ni miti gani, mkoko, mchu, mlilana, mkandaa, na kama kuna iliyokatwa. Vaa viatu vigumu, chaza walioshika kwenye mizizi wanakata mguu kama wembe na kidonda kwenye maji yale si kitu cha kuchezea. Mwenye kidonda tayari abaki botini aandike, na wote mnawe kwa maji safi na sabuni kabla ya kugusa mahamri mliyobeba.

Usisahau chupa za kujichunga. Beba chupa moja ya maji yaliyotoneshwa safari nzima, ifungue kituoni kama nyingine uifunge, ikapimwe pamoja na zingine. Ikitoka na bakteria basi uchafu ni wenu, sio wa kriki. Na kila sampuli kumi moja ichukue mara mbili, uone mikono yenu inatofautiana kiasi gani.

Maabara kama hamna yenu zungumzeni na chuo au na KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, hapo Mkomani mapema, msifike na kulboksi mlangoni saa kumi jioni Ijumaa. Ukiulizwa mnataka bakteria gani, kwa maji ya chumvi omba enterokokasi, kwa sababu E. coli, ambao nao ni bakteria wa kinyesi, hufa haraka kwenye chumvi na atakudanganya kwamba pako salama. Kama pesa ni za aina moja tu, chukua hiyo.

Kwenye hesabu, bakteria usiwape wastani wa kawaida. Tuseme kituo kimoja safari tano zimetoka 20, 30, 40, 50 na 9,000. Wastani wa kawaida ni 1,828, namba ambayo haifanani na siku yoyote kati ya zile tano. Wastani wa kijiometri, kwenye Excel ni GEOMEAN, unatoka kama 102. Toa huo, halafu 9,000 iseme peke yake na tarehe yake na mvua yake, usiifute kwa sababu imeharibu grafu, siku hiyo kuna watoto waliogelea. Kwa kulinganisha, Marekani maji ya bahari ya kuogelea wanataka wastani wa kijiometri wa enterokokasi usizidi 35 kwa mililita 100. Sampuli moja ikipita hapo haimaanishi ufuo ufungwe, tano mfululizo zikipita ni habari nyingine.

Na msiharakishe kumtaja mtu. Maji machafu mbele ya mtaa fulani wakati wa kupwa yaweza kuwa yametoka mtaa wa juu yake. Kabla ya kusema mtaro huu ndio, pima juu ya mtaro, kwenye mtaro wenyewe, na chini yake, safari kadhaa, ndio uende NEMA (mamlaka ya mazingira) ama kaunti na karatasi inayoshika.

Matokeo yarudi kwanza kwa BMU na watu wa mtaa kabla hayajakwenda kwenye mkutano wowote wa hotelini. Wapelekeeni kwa ukurasa mmoja, ramani, vituo vitano, rangi, na juu yake tarehe, hali ya maji na mvua. Karatasi za penseli mzipige picha jioni ile ile ya safari, nakala moja kwa simu ya mwengine, alafu mwambieni nahodha tarehe ya bamvua ijayo asije akachukuliwa na harusi.